Dosye Iliyochochewa

Naandika haya ili kumbukumbu zikae sawa, kwa kuwa hapa Musaga yanasimuliwa vingine.

Kuchochea, katika idara ya vibali niliyoitumikia hadi kustaafu, kulikuwa kuja dirishani kuuliza dosye yako, yaani faili la maombi yako, imefika wapi kabla hujaitwa. Nilichukia tendo hilo. Dosye ya mwombaji aliyechochea niliishusha chini kabisa ya rundo, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Imechochewa." Niliona hiyo ndiyo haki ya wanaongoja kimya. Makarani wote niliwafundisha hivyo. Mke wangu sikuwahi kumwambia. Mambo ya ofisi niliyaacha ofisini.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema presha ya macho haingoji, atibiwe nje ya nchi upesi. Kibali cha kwenda kutibiwa kilipaswa kutoka idara ileile, kule Kigobe. Nilipeleka karatasi zote zikiwa zimepangwa, nikarudi nyumbani kungoja kama raia mwingine yeyote.

Jioni moja, akitafuta makaa kwa kupapasa, aliniambia, "Muzee, hata hii moto bila kuchochea inazimika. Na mi je?"

Nilimjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Msimu wa mvua ukaisha bila jibu. Alipoanza kujigonga milangoni, nilivaa koti langu la kazi nikaenda. Karani niliyemlea mwenyewe aliinama, akaitoa dosye chini ya rundo. Pembeni palikuwa na wino mwekundu. Mke wangu alikuwa amefika pale mara mbili, akishikwa mkono na jirani, bila mimi kujua.

"Shefu, mama alikuja kuchochea," karani alisema kwa adabu. "Ni we ulitufundishaka."

Nilimkaripia mbele ya watu. Nilimwambia mgonjwa si mwombaji wa kiwanja, na kwamba kanuni haimwondolei mtu akili. Alingoja nimalize, kama nilivyomfundisha.

Kibali kilitoka wiki ileile. Daktari alimpima tena, akakirudisha kibali mezani. Hapakuwa na cha kuokoa.

Nyumbani mke wangu alitaka nimsomee dosye yote. Nilisoma kila ukurasa, na yaliyo pembeni pia. Kisha akauliza kama mwandiko ule wa pembeni ni wangu.

Nikasema hapana, ni wa karani. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na tangu siku hiyo sijalirudia.