Siku Niliyomwita Meneja wa Kanda Kichwa Ngumu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mbeya, Meneja wa Kanda hakunipa hata kiti. Alinipa kompyuta, kisanduku chenye taa nyekundu, na onyo: "Binti, uko kwenye majaribio miezi sita. Ukivuruga, unarudi Tukuyu kuchuma chai." Nilicheka kwa adabu tu. Nyumbani walishachinja jogoo kwa ajili ya ajira yangu. Ningerudi na uso gani?

Kisanduku kile ndicho modemu. Nyie mnaogusa simu mkaiona dunia, hamjui raha mliyonayo! Sisi tulituma taarifa kwa waya wa simu ya kawaida, modemu ikiwa mkalimani kati ya kompyuta na waya. Uliiamuru kwa kuandika. AT, yaani "sikiliza". Kama ni nzima inajibu OK. ATDT na namba, inapiga, tena kwa kelele za paka wawili ndani ya debe. ATH, inakata.

Mwezi wa tano nikapelekwa Iringa kufunga modemu ya kwanza ya ofisi ile. Mkuu wa Mitambo wa huko alikuwa mzee wa Kihehe kutoka Kalenga, mtu wa taratibu kupindukia. Niliingia ofisini mwake na vumbi la safari, nikaanza, "Mzee, waya wa simu uko wapi?" Akaendelea kunywa chai. Nikauliza tena, kimya. Ndipo nikashtuka: sikumwamkia, tena kwa Kihehe chao.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, mwanangu," akajibu akitabasamu. "Waya uko nyuma ya kabati."

Siku ya kupimwa ikafika. Meneja wa Kanda alikaa mbele ya kompyuta kule Mbeya; mimi nitume taarifa kutoka Iringa kisha nikate vizuri, nithibitishwe kazini. Taarifa ilifika salama. Ikabaki kukata tu.

Sasa, modemu ikishaunganishwa haisikii amri. Kila unachoandika inakipeleka upande wa pili. Ili ikusikilize tena unaandika alama tatu za kujumlisha, +++, lakini lazima ukae kimya sekunde nzima kabla, na sekunde nzima baada. Mimi na kusubiri wapi na wapi! Nikaandika +++ATH kwa mpigo. Wala. Nikarudia. Wala. Hasira zikanipanda, nikagonga kwa herufi kubwa: KATA BASI WEWE KICHWA NGUMU!

Simu ya mezani, iliyokuwa na waya wake peke yake, ikalia. Mkuu wa Mitambo akapokea, akasikiliza, akanigeukia. "Meneja wa Kanda anauliza, kichwa ngumu ni nani?"

Mama yangu! Nilishajiona na kikapu mgongoni, katikati ya michai. "Mzee, nimekwisha," nikasema, machozi yananilenga.

Akaziba simu kwa kiganja. "Hujakwisha. Umepiga hodi ukaingia hapohapo. Subiri ukaribishwe."

Nikaondoa mikono mezani, nikavuta pumzi. Nikaandika +++, nikaikalia mikono yangu isije ikanisaliti. OK. Nikaandika ATH. Ikakata.

"Imekata, Meneja," Mzee akasema kwenye simu. "Kichwa ngumu amesikia." Kicheko cha Mbeya nilikisikia mpaka nilipokaa. Barua yangu ilikuja na maneno ya kalamu pembeni: Athibitishwe. Afundishwe kusubiri.

Nimefanya kazi hadi nywele zimekuwa nyeupe, na modemu za waya zimebaki kwenye kabati. Mwezi uliopita niliagwa, nikastaafu. Mkuu wangu wa Mitambo, mzee sana sasa, aliletwa kutoka Kalenga na mkongojo wake. Nilimkimbilia mbele ya watu wote.

"Kamwene, Mzee!"

Hakujibu. Akanitazama tu. Wenzangu wakaanza kunong'onezana kwamba masikio yamekwenda, mmoja akasogea ili amsemeshe kwa sauti. Nikamzuia kwa mkono. Nikanyamaza, nikasubiri.

"OK," Mzee akasema.

Tulicheka sisi wawili peke yetu, mpaka nikalia.