Upepo Haunywi Petroli

Mpaka leo nikiona pikapu yenye turubai lililopanda juu kuliko kichwa cha gari, damu hunichemka. Nilifukuzwa kazi kwa ajili ya turubai kama hilo.

Ilikuwa 1992, petroli, esansi kama tulivyoiita Kigali, ikipatikana kwa foleni na kubembeleza. Nilikuwa dereva wa ofisi moja ya Kacyiru, nikipeleka mizigo Butare kila wiki. Mkubwa wangu akaamuru pikapu ifungwe fremu ya vyuma, ndefu kama kibanda, na turubai juu yake, ili nikirudi nimbebee magunia ya mkaa. Mkaa wake, si wa ofisi. Tangu siku hiyo gari likawa mlevi. Turubai halikukazwa kwa mbele, upepo uliingia, likafura kama shavu la mwenye jino bovu. Hata kwenye tambarare nilikanyaga mafuta kana kwamba napanda mlima.

Mkubwa akaniita mbele ya wenzangu. "Wewe unaniiba esansi."

"Hapana, patroni. Ni upepo. Iko inavuta turubai, gari inachoka."

"Upepo iko na mdomo? Tangu lini upepo inakunywa esansi?"

Wakacheka. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na sasa nilikuwa na jina la mwizi. Nikamwomba jambo moja: niondoe vyuma, twende Butare pamoja, aone kwa macho yake. Akakubali. Fundi cherehani wa Biryogo akanishonea turubai la kulala bapa, tukalikaza kwenye kingo za bodi mpaka likalia kama ngoma.

Tuliondoka na tangi limejaa, mzigo uleule wa kila wiki. Butare tulifika mshale wa mafuta haujagusa alama ambayo siku zote ulikuwa umeshaipita. Nikamwonyesha kwa kidole. Akautazama, akatabasamu.

"Umeona? Leo niko ndani ya gari, esansi haikuibiwa."

Nilitamani kumshusha palepale arudi kwa miguu. Kumbe nilikuwa nimepeleka kesi ya ngedere kwa nyani, na ushahidi nimembebea mwenyewe.

Jumatatu funguo alipewa mwingine, na vyuma vikarudishwa. Hazikupita wiki nyingi, dereva huyo mpya akanifuata nyumbani Rwezamenyo, kofia mkononi.

"Kaka, hii gari inakunywa sana, sababu gani? Patroni anasema mimi niko mwizi, kama wewe."