Trekta Jekundu la Baba

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu trekta dogo la bluu, linang'aa kama sufuria mpya, akasema hilo litadumu maisha yote. Nilicheka. Mimi ninayewalimia watu nusu ya kijiji cha Singe, na shule niliachia darasa la nne, nilijifunza kuchagua trekta kwa mchana mmoja tu.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, maduka matupu, na Baba alikuwa ameuza ng'ombe wetu wote anunue trekta. Pale Babati palikuwa na matrekta mawili makuukuu ya kuuzwa, moja la bluu na moja jekundu. Mimi nilitaka la bluu. Baba akanichukua tukazunguka kwa miguu kutoka Singe mpaka Nakwa. Karibu kila shamba lilikuwa na trekta jekundu lililokufa, linanuka dizeli na mavi ya kuku, maana kuku walitagia kwenye kiti. La bluu hatukuona hata moja. Nikafurahi, nikajua la bluu halifi.

Jioni Baba akanunua jekundu. Mama akashika kiuno.

"Baba Paulo, umeziona maiti zote zile, bado ukanunua ndugu yao?"

"Mama Paulo, spea utapata duka gani? Hata sabuni hakuna. Zile maiti ndizo stoo yangu."

Nililia, nikiamini tumekwisha. Msimu uleule lile la bluu, lililonunuliwa na mtu mwingine, likavunjika gia, na wilaya nzima halikuwa na mwenzake wa kuazima hata nati. Letu liliendelea kulima. Aliyetumwa kufungua nati kwenye zile maiti ni mimi, na huko ndiko nilikoupata ufundi ulionifikisha hapa, bila cheti cha mtu.