Kolekole Tuliyemrudisha Baharini

Siku yangu ya kwanza kazini, gatini Liwatoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa daftari na kalamu nikaambiwa niandike majina ya wageni watatu waliokuwa wakipanda boti kwenda kuvua. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, mwandiko wangu ni wa kuchonga herufi moja moja, na majina yenyewe yalikuwa ya Kizungu. Kuwaomba wayataje tena niliona haya. Nahodha alikaa kwenye usukani akinitazama, injini inanguruma, mwisho akasema, "Bwana mdogo, ukimaliza barua hiyo maji yatakuwa yameshakupwa." Tangu siku hiyo nikaitwa Karani. Jina hilo silipendi mpaka leo.

Vijana huniuliza kazi ile ilikuwaje, na kabla sijajibu hujijibu wenyewe kwamba tulikuwa tukienda mbali mpaka nchi kavu isionekane. Si kweli. Machi na Aprili, kaskazi ikishalegea, dagaa hujikusanya kando ya mwamba na samaki wakubwa huwafuata papo hapo. Tulitoka Liwatoni, tukapita mlangoni mwa bandari, tukaanza kurambaza mbele ya pwani ya Kizingo, yaani boti inakwenda polepole huku mishipi minne yenye chambo ikiburutwa nyuma. Miwili tuliitandaza kwa fito ndefu zilizoinamia nje kila ubavu, ili isisokotane na mingine. Kazi yangu ilikuwa chambo, ndoana na kulabu ya kuopolea. Pale mwambani utapata nguru, tengesi na kolekole. Kolekole ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Akishika, mgeni aliyezoea kukaa ofisini huomba maji ya kunywa.

Tabu ni kwamba tulikuwa karibu mno na watu. Waliokuja Kizingo kupunga upepo walituona vizuri, na walichokuwa wakikitazama ni bendera.

Boti hizi zina desturi yake. Ukipata samaki mkubwa unapandisha bendera yenye picha yake, na unaingia nayo gatini. Zetu zilishonwa na Fundi, mshona kanzu wa mtaani kwetu Kuze. Mgeni alipiga picha na samaki, kisha samaki akabaki kuwa wa chombo. Nahodha alimkata vipande, tukapata sisi, wakapata na majirani. Kwa hiyo bendera ikionekana Kizingo, habari ilifika Kuze kabla yetu, na tukifunga kamba tuliwakuta watu wameshasimama na vikapu.

Kisha boti zetu zikaletewa Meneja mpya. Alisema mgeni akitaka samaki aachiwe hai, basi aachiwe, na bendera ipandishwe kichwa chini kuonyesha kwamba samaki amerudishwa. Nahodha alimwuliza watu watajuaje. Meneja akasema wavuvi wote duniani wanajua. Nahodha akajibu kwamba duniani labda, Kuze hawajui.

Na kweli hawakujua. Mara ya kwanza tulipoingia na bendera ya kolekole imepinduliwa, Bi Rukia, muuza mahamri, alichungulia ndani ya boti, akainua hata turubai.

"Karani, samaki yuwapi?"

"Tumemrudisha baharini, mama."

"Alikuwa na nini, mgonjwa?"

Nilijaribu kueleza. Mtu mwenye haya akijitetea huonekana mwongo zaidi. Nilitazama chini, nikababaika, na Bi Rukia akaondoka akitikisa kichwa. Ilipofika mara ya tatu mtaa mzima ulikuwa umeshakata shauri: Karani anauza samaki hotelini, na bendera anaipindua ili kuwapoteza watu.

Jambo hilo lingepita kama si Zuhura, binti wa Fundi. Wazee wangu walikuwa wamekwisha kwenda kumposa, na Fundi alikuwa amesema atatoa jibu. Jibu likawa haliji. Mjomba wangu alipokwenda kuulizia alirudi amekunja uso. Fundi alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, binti yake hampi mtu anayewaficha majirani kitoweo. La pili, yeye ameshona samaki anayetazama juu, na mimi namtundika kichwa chini mbele ya watu wa Kizingo, kwa dharau. Mjomba aliniuliza kama nilikuwa na ulimi au la.

Nikamweleza Nahodha. Alimsema Meneja maneno ambayo siyaandiki hapa, kisha akaniamuru nimlete Fundi mwenyewe aje aone.

Jumamosi Fundi alikuja na kanzu, kofia na mwavuli, akaketi chini ya turubai kama aliyekuja kusikiliza kesi. Mgeni alikuwa mmoja tu, mzee mpole wa Kizungu. Saa tatu asubuhi, mbele ya Kizingo, mshipi wa kushoto ukavutwa, rodi ya kuvulia ikapinda. Nusu saa nzima mgeni alivuta na kulegeza, na Fundi, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika mshipi, alisimama nyuma yake akimfundisha kwa Kiswahili. Kolekole alipotokea ubavuni alikuwa mpana kama mlango wa kabati. Fundi akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mgeni akanipungia mkono: nimwachie.

Nilimtazama Nahodha. Nahodha akatazama bahari.

"Karani," Fundi akasema taratibu, "huyo ni kitoweo cha mtaa mzima."

"Naam, ami."

"Ukimwachia, usinijie nyumbani."

Kulabu ilikuwa mkononi mwangu. Kumwopoa lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, na Nahodha asingenisemea kwa Meneja. Lakini mwezi mzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba samaki tunawarudisha. Nikimtoa huyu kwa sababu baba wa Zuhura ananitazama, basi wote walioniita mwongo wangekuwa wamesema kweli. Niliweka kulabu chini, nikatoa ndoana kwa koleo, nikamshika mkia. Samaki aliyechoka huwezi kumtupa tu, atazama afe. Unamshikilia, boti inakwenda polepole, maji yanapita kwenye mashavu yake mpaka apate nguvu. Dakika kadhaa niliinama hivyo. Mwisho akanipiga kofi la mkia, akazama. Nikapandisha bendera kichwa chini, mbele ya mtu aliyeishona.

Gatini vikapu vilikuwa vinangoja. Bi Rukia alikuwa mbele.

"Fundi, leo ulikuwa ndani. Samaki yuwapi?"

"Wallahi amerudishwa baharini. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Bi Rukia alimtazama Fundi, akanitazama mimi, akautazama mwavuli.

"Haya," akasema. "Mkweo amekwisha kukugawia."

Watu wakacheka. Fundi aliapa tena, na kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Alifungua mwavuli wakaona ni mtupu. Mmoja akasema basi samaki atakuwa amepelekwa kwa gari. Tulirudi Kuze kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipoingia vichochoroni akanigeukia.

"Hawaelewi hawa."

"Hawaelewi, ami."

"Umewaambia mara ngapi?"

"Tangu mwezi uliopita."

Alishusha pumzi ndefu. "Waambie wazee wako waje Alhamisi."

Baadaye nilifanya kazi chini ya manahodha wengine wawili na mameneja watatu, kila mmoja na amri zake, kisha nikashika usukani mwenyewe hadi mgongo uliponikataza. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakununua samaki sokoni hata siku moja bila kuulizwa kama ni wa bure. Sisi tulioifanya kazi ile tulijua chambo, maji na mwamba. Kuwaeleza watu jambo wasilotaka kuliamini hatukujua, na sidhani kama siku hizi kuna shule inayofundisha hilo.

Jioni ya siku niliyostaafu, Zuhura alinimiminia chai, akafunga mlango wa sebule, akaketi karibu yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa kazi nimeiacha, Meneja hawezi kunifanya kitu, babake ametangulia, na yeye hatamwambia mtu. Nimweleze tu ukweli: yule kolekole tulimuuza wapi?