Sanda ya Mama Imo Kwenye Bawa la Ndege Yangu

Bwana Mhariri, nakuomba jina langu ulisitiri, la sivyo hapa Changamwe sitakuwa na pa kupita. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, seremala, baba wa watoto wawili. Nina jambo lanila ndani na sina wa kumwambia, basi nawaambia nyinyi wasomaji wote kwa mpigo. Ajabu yangu hiyo.

Wakati wa vita nilikuwa fundi katika uwanja wa ndege hapa kwetu, nikitengeneza mabawa ya mbao ya ndege ndogo. Vita vilipokwisha nikaingiwa na wazimu: nikataka yangu mwenyewe. Msicheke! Nilinunua mbao na vyuma vilivyotupwa, nikaanza kuijenga uani, kati ya jiko na banda la kuku. Mke wangu, nitamwita Mama Salma, aliuza kekee zake za fedha, bangili za arusi yake, nikapata injini. Alikuwa akishona kofia za kuuza ili watoto wale, maana mshahara wangu wote uliishia kwenye misumari na gundi. Hakunung'unika. Alisema tu, "Baba Salma, ukiruka usipite juu ya nyumba za dada zako, watasema umewadharau."

Bawa la ndege ndogo huvikwa nguo, kisha hupakwa dawa mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Nguo ndiyo iliyonishinda. Siku zile bafta haikupatikana ila kwa kibali, na mimi kibali sina. Bawa moja nikalimaliza, la pili likabaki mifupa mitupu.

Mama yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa na sanduku lake. Ndani alijiwekea sanda yake mwenyewe, bafta nyeupe iliyochovywa maji ya Zamzam na mahujaji, ikafukizwa udi, ikatiwa karafuu maiti. Kila Ijumaa akituusia, "Mnizike na nguo yangu." Lakini alikuwa mzima, akitwanga pilipili mwenyewe. Nikajisemea, nitaiazima tu, nikipata kibali nitaweka nyingine, hatajua. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Siku alipokwenda arusini Kisauni nikalifungua sanduku. Nikaifua nguo harufu itoke, nikampa mke wangu aishone. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, "Nimepewa kazini."

Haukupita mwezi. Mama alianguka asubuhi akichota maji, na adhuhuri hatukuwa naye tena. Dada zangu wawili wakafungua sanduku watoe sanda. Tupu. Dada mkubwa akamgeukia mke wangu: "Wewe ndiwe ushindaye humu! Umeiuza kama ulivyouza kekee zako!" Mama Salma akanitazama. Alikwisha kuelewa, maana aliishona kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akingoja niseme. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni msiba.

Mama akazikwa na shuka za jirani. Baada ya arubaini dada zangu wakaapa hawatakanyaga nyumba yenye mwizi wa sanda. Nami, mwoga mkubwa, nikamwandikia mke wangu talaka moja. Akafunga nguo zake, akawachukua watoto, akaenda kwa babake Likoni. Hata huko hakulitoa neno lile kinywani.

Ndege imekwisha. Sijairusha. Nikipanda kukaa ndani, upepo wa kusi ukalipiga lile bawa, nguo hutetema na harufu ya udi hunijia, ijapokuwa niliifua na kuipaka dawa mara sita. Mchana kweupe, jua kali, nasikia naitwa kwa jina langu la utotoni, na mdomo wangu wajibu wenyewe, "Labeka, mama." Haniulizi kitu. Bora angenitukana!

Juzi nilikwenda Likoni kumrejea mke wangu kabla edda haijaisha. Akanijibu nyuma ya mlango, "Sitaki pesa wala kekee. Nenda kawaambie wifi zangu ni nani aliyelifungua sanduku. Ukiwaambia, narudi siku hiyo hiyo. Usipowaambia, niache niimalize edda yangu, nijue moja." Zimebaki siku kumi na moja.

Nikisema, dada zangu hawatanisamehe mpaka kaburini. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa atakufa na jina la mwizi wa sanda. Lililo haki nalijua, kinywa ndicho kisichofunguka. Na kuna hili moja zaidi. Dada zangu hawajui kusoma. Tangu mke wangu aondoke wamerudi kwangu, na kila gazeti hili likifika hukaa barazani pamoja na majirani, nami ndiye niwasomeaye. Ukurasa huu wa siri za watu ndio waupendao kuliko zote.

Bwana Mhariri, ichape upesi. Nanyi nishaurini, mliotangulia kuisoma: nikiifikia barua hii mbele yao, niisome mpaka mwisho, au niiache nifunue ukurasa unaofuata?