Mshale Uliposhuka

Miaka ya sabini nilikuwa na pikapu ya dizeli, na kiburi nilichokuwa nacho juu yake hakikuwa na kipimo. Mimi ni mtu wa Malili, nilikuwa nikiuza nafaka, na nilidhani hakuna nisichokijua kuhusu lile gari. Kwenye dashibodi palikuwa na saa ya kuonyesha joto la injini. Kwenye tambarare mshale wake ulikaa katikati. Nikipanda mlima na mzigo, nao ulipanda, nikiteremka, ulishuka. Basi. Aliyetaka kunifundisha zaidi ya hapo nilimwambia anunue lake kwanza.

Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza, alikuwa kwa mama yake, mbele kidogo ya Matinyani. Nilifika mchana, jua linachoma. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, na mama mkwe akaketi kando yake na mtungi wa maji aliyoyachota asubuhi kwenye mchanga wa mto. Mimi nikapanda mbele peke yangu. Isingewezekana vinginevyo. Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile aibu ya heshima baina ya mtu na mama wa mkewe: hamtazamani usoni, hamsemezani, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Watu wa kanisa walishaanza kuilegeza, lakini mama huyu, pamoja na kuimba kwaya mstari wa mbele, hakulegeza kitu. Tangu nioe sikuwa nimesikia neno lake kwangu. Akitaka jambo anamwambia mke wangu, na mke wangu ananiambia.

Barabara ya kwenda hospitali, Kitui mjini, ilikuwa ya kupanda. Nikakanyaga mafuta. Mshale ukapanda, ukapita katikati, ukaendelea. Nikaanza kutoka jasho. Nilimwomba Mungu, nikalitukana gari, nikamwomba Mungu tena. Mara ukashuka. Ulishuka wenyewe, tukiwa bado mlimani, mzigo uleule, mpaka ukalala upande wa baridi. Aiya! Nikaupiga usukani kofi kwa furaha. "Dume!" nikaliambia gari.

Hapo nikasikia paa la gari likigongwa kutoka nyuma. Ko, ko, ko. Mama mkwe. Nikafikiri mtoto anakuja, nikaongeza mwendo. Akagonga tena, kwa nguvu. Nikaongeza tena. Hakuita. Mke wangu ndiye angemsemea, na mke wangu alikuwa anauma leso kwa uchungu.

Kumbe yeye, ameketi akitazama tulikotoka, alikuwa ameona mstari wa maji kwenye vumbi ukitufuata tangu chini ya mlima, kisha ukakatika. Mpira wa rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, ulikuwa umepasuka. Ile saa hupima joto la maji. Maji yakiisha haina cha kupima, mshale unashuka kana kwamba mambo ni mazuri. Ndiyo maana mshale kushuka bila sababu ni kubaya kuliko kupanda. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua kushangilia tu.

Injini ikakohoa, ikakaza, ikafa. Nikaruka nje nikitukana, nikafunua boneti, mvuke ukanirukia usoni. Kisha nikaenda nyuma, macho chini kama mkwe mwenye adabu, nikanyoosha mkono, nikachukua ule mtungi. Nikaumimina wote kwenye rejeta. Wote! Chuma kikalia, maji yakatokea chini, yakanywewa na vumbi mbele ya viatu vyangu. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilijaribu. Nilipiga magoti nikayazoa kwa viganja, nikapata matope.

Mtoto alizaliwa palepale juu ya godoro, mimi nimesimama mbele ya gari nikitazama barabara. Nikamsikia akilia. Kisha nikasikia hatua, na mama mkwe akaja akasimama mbele yangu, mikono imejaa damu. Akanitazama machoni.

"Mwanangu," akasema, "yale maji yalikuwa ya mtoto."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana. Akafungua leso yake kiunoni, akaichana, akarudi kumpangusa mjukuu wake kwa kitambaa kikavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baadaye lori la mkaa likapita, likawachukua wote, mimi nikabaki na chuma changu.

Mama na mtoto walikuwa salama. Gari halikupona. Nilipopeleka mbuzi kule kwao kushukuru, mama mkwe aliniona kwa mbali, akajifunika leso usoni, akaacha njia kama siku zote, kana kwamba hajawahi kuniambia neno. Mke wangu akacheka, akasema mama yake ni wa kizamani mno. Mimi niliishukuru desturi ile kwa moyo wangu wote, kwa sababu ilinikataza kumtazama.