Wali wa Dunia Mbili

Chuo kikuu kilipofungwa kwa mgomo, nilirudi nyumbani Makongeni na fizikia yangu ya mwaka wa pili. Mama aliacha wali kwenye jiko la makaa, akatukataza mimi na kaka yangu kufunua sufuria. Nikamwambia kaka kwamba wali, kama zile chembe ndogo za fizikia, haujaiva wala haujaungua mpaka tuutazame. Yeye, mjuaji wa kuchungulia daftari langu, akashikilia kwamba yote mawili yametokea, ila katika dunia mbili. Tulikuwa tukipigiana kelele mama alipoingia mbio kutoka kwa jirani.

"Umeungua!" akasema, kabla hata ya kufunua. "Nimesikia harufu yake nikiwa nje, na kelele zenu pia. Huu wa juu uliosalimika nitaula na baba yenu. Nyinyi mkale ule wa dunia nyingine."